Kutoa hewa kwenye klachi ya mafuta: hewa ya mwisho inakaa juu kwenye gido (usukani). Uzi mrefu kutoka Goma

#1 MaweMeusi (Goma)

Wandugu, jioni njema.

Jana pale Birere nimemkuta kijana ameshika silinda mpya ya klachi, ile inayokaa juu kwenye gido. Alikuwa amelipa pesa yote aliyokuwa nayo mfukoni. Nikamuuliza ya zamani imefanya nini. Akanijibu: "Muzee, nimepampu siku mbili, maneti inabaki laini tu." Nikamuomba tuangalie moto yake kabla hajafungua kiboksi. Ilikuwa hewa. Hewa kidogo kama punje ya muhindi, imekaa pale tiyo inapoingia kwenye silinda ya juu. Tuliitoa kwa muda usiofika nusu saa, na muuzaji akakubali kurudisha pesa, Mungu ambariki. Mimi miaka ya nyuma sikupata mtu wa kunizuia. Nilinunua silinda mpya, nikafunga, nikapampu, na maneti ikabaki laini vilevile. Ndiyo sababu naandika haya yote, na nitaandika kwa urefu.

Kwanza maneno, maana humu tuko watu wa pande nyingi. Nikisema tiyo ni mpira wa kupitisha mafuta. Maneti ni ule mkono wa klachi unaovuta kwa kushoto. Pwamo ni pale gia iko huru, wengine mnasema fri. Moto ni pikipiki. Silinda ya juu ni ile ya kwenye gido yenye kikopo cha mafuta, na silinda ya chini ni ile iliyoko kwenye injini, inayosukuma rodi hadi kwenye sahani za klachi.

Uzi huu hauhusu Boxer wala TVS zetu za kubeba abiria. Hizo zina kamba. Nazungumzia moto kubwa ambazo maneti inasukuma mafuta: Varadero ya 1000, V-Strom ya 1000, Super Ténéré ya 1200, KTM nyingi, BMW kadhaa. Hapa Goma si nyingi, lakini zipo, na nyingi zimefika zikiwa na miaka yake na mafuta ambayo hayajabadilishwa tangu zitoke kwa mwenye wa kwanza.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi. Ukivuta maneti, pistoni ya juu inasukuma mafuta, mafuta yanashuka kwa tiyo, pistoni ya chini inatoka milimita chache tu, rodi inasukuma, sahani zinaachana. Ni zile milimita chache ndizo zinafanya kila kitu. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Kama ndani kuna hewa, sehemu ya mkono wako inaishia kuibana hiyo hewa, na sahani haziachani vizuri. Utaona dalili hizi: gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, moto inataka kutembea hata maneti ikiwa imevutwa yote, pwamo inakataa ukisimama kwenye foleni, na ukipampu maneti haraka mara tatu nne inakuwa ngumu kwa muda halafu inalegea tena. Hiyo ya mwisho ndiyo inanionyesha hewa kuliko zote.

Sasa kazi yenyewe. Tafuta kle (spana) ya 8 iliyo nzima, ile ya kuzunguka nati yote, maana visi (skrubu) ya kutolea hewa ina tundu katikati na inavunjika upesi. Tafuta chupa mpya ya mafuta ya breki, ambayo haijafunguliwa. Tiyo ya serum (dripu) kutoka famasi inafaa sana kwa sababu unaona ndani. Ipashe kwa maji ya moto ili iingie kwa kubana. Weka ndoo ya maji na kitambaa karibu, kwa sababu mafuta haya yanakula rangi ya tanki. Yakidondoka, mwagia maji papo hapo. Yanakubali maji, kwa hiyo yanaoshwa.

Simamisha moto wima, geuza gido mpaka kikopo kiwe mahali pa juu kuliko sehemu nyingine zote. Fagia vumbi kwenye kifuniko kabla ya kukifungua. Nasisitiza hili kwa wa Goma. Vumbi letu limetoka kwenye mawe ya volkano, ni kali kama msasa, na likiingia kwenye silinda litachana mpira wa pistoni. Mimi napiga brashi, nafuta kwa kitambaa chenye maji, naacha pakauke, ndipo nagusa visi za kifuniko.

Nyonya mafuta ya zamani kwenye kikopo, weka mapya. Vaa tiyo kwenye visi ya chini, ncha nyingine iwe ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Vuta maneti polepole, ishike, fungua visi robo, mafuta yatoke, funga, ndipo uachie maneti. Usiachie kabla ya kufunga, utavuta hewa kutoka chini. Angalia kikopo kila baada ya mara tano au sita, maana ni kidogo na kinaisha upesi kuliko unavyodhani. Endelea mpaka mafuta yanayotoka yawe na rangi ya yale uliyotia.

Mpaka hapo kila fundi wa gari anajua. Na hapo ndipo wengi wanasimama, wanaona hakuna povu tena kwenye tiyo, lakini maneti bado laini, wanasema silinda imekufa.

Fikirini kidogo. Hewa inapanda. Sisi tunailazimisha ishuke meta nzima ya tiyo ili itoke chini. Kwa klachi, kila uvutaji unasukuma mafuta kidogo sana, kwa hiyo povu linashuka sentimita chache, ukisimama linarudi juu. Mahali linaporudi ni pale tiyo inapokunja na kuingia kwenye silinda ya juu, penye bolti ile yenye tundu na washa (pete) mbili za shaba. Kwenye moto nyingi pale ndipo pa juu kabisa, pamejikunja kama goti. Unaweza kupampu hadi chupa tatu ziishe na povu likakaa palepale.

Njia mbili zimenisaidia. Ya kwanza: funika tanki na gido vizuri kwa vitambaa, vuta maneti kidogo uishike, legeza ile bolti ya juu kidogo sana, chini ya robo, utasikia mlio mdogo na mafuta yenye povu yatachuruzika. Kaza kabla ya kuachia maneti. Mara mbili au tatu zinatosha.

Ya pili ni kusukuma kutoka chini. Nilifundishwa na mzee mmoja wa Katindo, sasa ni marehemu, ambaye alitengeneza moto za mapadri tangu ujana wake. Unachukua seringi kubwa ya famasi, ya mililita 60, mpya. Unaijaza mafuta mapya, unatoa hewa yote kwenye seringi na kwenye tiyo yake, unaivaa kwenye visi ya chini, unafungua visi, unasukuma taratibu. Mafuta yanapanda, hewa inapanda nayo, inakwenda kule inakotaka kwenda. Mtu wa pili asimame juu na kuangalia kikopo, kwa sababu kitajaa na lazima anyonye. Mara ya kwanza nilipoona lile povu moja kubwa likitokea kwenye kikopo na kupasuka, nilikaa chini kwenye mawe. Siku mbili za kazi zilikuwa ndani ya povu lile.

Onyo: usianze na hii njia ya seringi kama mafuta ya zamani ni meusi. Utasukuma uchafu wote kuelekea juu, na kule kuna kitundu chembamba sana kinachounganisha kikopo na silinda. Safisha kwanza kwa kutoa chini, halafu ndipo usukume.

Maliza hivi: kikopo kikiwa wazi, vuta maneti kidogo kidogo, milimita tano tu, haraka haraka, na ugonge tiyo kwa kidole kuanzia chini kwenda juu. Utaona vipovu vidogo kama vya soda vikitoka kwenye kile kitundu. Vikikoma, funga.

#2 Boxer_Majengo (Goma)

Asante muzee. Swali langu: mimi niko na Boxer, maneti imelegea sana, gia inaingia kwa nguvu. Na mimi nitoe hewa?

#3 MaweMeusi (Goma)

Hapana mdogo wangu, yako ni kamba. Kaza ile nati ya kurekebisha kwenye maneti, uache nafasi ya kucheza kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla klachi haijaanza kuachia. Ikiwa nati imefika mwisho, rekebisha kule chini kwenye injini. Na angalia kamba kwenye kile kichwa cha risasi (kidonge cha mwisho wa kamba) pale juu: nyuzi zikianza kukatika moja moja, badilisha leo. Usingoje ikukatikie na mama mwenye mtoto nyuma.

#4 Nyawera_Bkv (Bukavu)

Mukubwa, umeandika ugonjwa wangu. Moto yangu ina cc 1000, silinda mbili za V. Asubuhi inatoka nyumbani vizuri kabisa. Nikifika foleni ya magari pale Essence, hapa Bukavu, dakika ishirini ndani ya joto, kuvuta na kuachia, kupanda na kusimama, pwamo inakataa. Naizima injini ndipo gia itoke. Nikipumzika saa moja inarudi kuwa nzima. Fundi amesema sahani zimeisha. Bukavu ni milima tupu kama munavyojua, klachi inateseka. Nifanye nini kabla sijafungua injini?

#5 MaweMeusi (Goma)

Nyawera, usifungue injini bado. Tutenganishe magonjwa mawili ambayo watu wanayachanganya kila siku.

Sahani zikiisha, klachi inateleza: unapiga gesi, injini inalia, moto haiendi. Yako haitelezi, yako haiachii. Kutoachia mara nyingi ni upande wa mafuta, au sahani zimejipinda, au kikapu cha klachi kimechimbika meno. Lakini ile ya asubuhi nzima, joto likija mbaya, ukipumzika inarudi, mimi naanza na mafuta.

Mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 yanavuta maji kutoka hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishavuta maji yake ya miaka, kipimo cha chini kinashuka hadi 155. Silinda ya chini imebandikwa kwenye injini, inakula joto lote, na foleni haina upepo. Na ile hewa ndogo iliyomo inatanuka kwa joto. Mafuta yako yana rangi gani? Yakiwa kama chai ya rangi, umeshapata jibu la kwanza. Watengenezaji wengi wanasema badilisha kila miaka 2, na kwa mvua zetu za Kivu mimi sivuki hapo.

#6 Kamalondo_Lshi (Lubumbashi)

Ba yaya, salamu toka Lubumbashi. Mimi sijawahi kuhitaji seringi. Navuta maneti jioni, naifunga na mpira wa chambrera (tyubu ya ndani ya gurudumu) kwenye gido, nalala. Asubuhi nafungua, maneti ngumu kama jiwe. Mwezi wa kumi huku jua linapiga vibaya na bado inafanya kazi. Kwa nini mutu ajichoshe?

#7 MaweMeusi (Goma)

Kamalondo, salamu ndugu. Naikubali njia hiyo na mimi mwenyewe naifanya baada ya kazi, kumalizia. Usiku mzima chini ya mkandamizo vipovu vidogo vinapungua ukubwa, vinaachia kuta za tiyo, vinapanda. Asubuhi ukiachia maneti vinatoka kwenye kikopo. Kwa vipovu vidogo ni nzuri sana.

Lakini angalia mambo mawili. Kama hewa ni nyingi, kwa mfano umefungua tiyo yote, usiku mmoja hautoshi, na povu lililokwama kwenye lile goti la juu linaweza kubaki palepale. Na pili, mafuta ya zamani hayabadiliki kwa kulala. Maneti inakuwa ngumu asubuhi, lakini maji yako bado ndani, na jua la mwezi wa kumi litayakuta.

#8 SpanaYaPwani (Mombasa)

Hongera kwa uzi, bwana. Niongeze moja kwa wanaotumia pampu ya kunyonya hewa, ile ya mkono. Ukinyonya kwenye visi ya chini utaona povu halimaliziki, hata kama ndani hakuna hewa hata chembe. Ni kwa sababu pampu inavuta hewa kupitia nyuzi za visi yenyewe iliyolegea. Niliwahi kumaliza nusu lita nikifukuza povu la namna hiyo. Dawa ni kupaka grisi nene kuzunguka nyuzi za visi kwa nje, au kufungua visi kidogo kabisa. Usiamini povu la pampu, amini maneti.

#9 Yaya_Himbi (Goma)

Ninaomba nafasi, maana mumesahau jambo moja kubwa. Siyo kila klachi inatumia mafuta ya breki.

Mume wangu na mimi tuna BMW mbili, moja R1150GS na nyingine R1200GS ya mwaka 2008. Ni ndugu wa baba mmoja, lakini klachi zao hazilingani. Ya 1150 inatumia DOT 4. Ya 1200 ya miaka ile inatumia mafuta ya madini, na hiyo haipatani kabisa na DOT. Fundi mmoja, sitamtaja, alitia DOT 4 kwenye ya 1200 kwa sababu "yote ni klachi." Mipira ikaharibika juu na chini. Tulisubiri vipuri zaidi ya mwezi na moto imelala sebuleni.

Musome kifuniko cha kikopo. Kimeandikwa. Kama maandishi yamefutika, tafuteni kitabu cha moto, musikisie. KTM pia zina za aina zote mbili kwa kutegemea mwaka na silinda iliyofungwa. Tena ile DOT 5 isiyo na pointi moja ni silikoni, ni kitu kingine kabisa, isichanganywe na 4 wala 5.1 hata kama namba inaonekana kubwa na nzuri.

#10 MaweMeusi (Goma)

Yaya, asante sana, hili lilitakiwa liwe mstari wa kwanza wa uzi wangu. Wandugu, someni #9 kabla ya #1.

#11 Kamalondo_Lshi (Lubumbashi)

Nina swali lingine, na hili linanisumbua kweli. Kikopo changu cha klachi kinajaa chenyewe. Breki, mafuta yanashuka kadiri pedi zinavyoisha, hiyo naelewa. Klachi, mwaka jana ilikuwa katikati ya alama, sasa imefika juu kabisa na sijaongeza tone. Mafuta ya injini yanaingia?

#12 MaweMeusi (Goma)

Swali zuri kuliko yote humu, na wengi hawalijui.

Klachi ni kinyume cha breki. Pedi za breki zikiisha, pistoni inatoka nje zaidi, mafuta yanajaza nafasi nyuma yake, kikopo kinashuka. Kwenye klachi sahani zikiisha zinakuwa nyembamba, sahani ya kubana inasogea ndani, na ile rodi inarudi kuelekea silinda ya chini. Pistoni ya chini inasukumwa ndani, mafuta yanarudi juu, kikopo kinapanda. Ni kipimo cha sahani zako ambacho hukulipia.

Kwa hiyo usijaze kikopo cha klachi mpaka ukingoni. Kikijaa kabisa na sahani zikaendelea kuisha, mafuta hayana pa kurudi, na rodi inabaki inasukuma kidogo muda wote. Hapo klachi itaanza kuteleza, na utaichoma hata ikiwa bado nzima. Ugonjwa huohuo unakuja kile kitundu chembamba kikizibwa na uchafu: injini ikipata joto mafuta yanatanuka, hayawezi kurudi kwenye kikopo, klachi inateleza yenyewe bila mtu kugusa maneti. Ukifungua visi ya chini kidogo, mafuta yanaruka kwa nguvu na klachi inashika tena papo hapo. Ukiona hivyo, safisha kitundu. Mimi natumia uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, ule mwembamba, bila kulazimisha.

Mafuta ya injini kuingia kwenye kikopo sijaona. Yako ni sahani tu zinaisha polepole, kama inavyotakiwa. Punguza mpaka katikati na uandike tarehe.

#13 Nyawera_Bkv (Bukavu)

Mukubwa, narudi na habari. Kifuniko kimesema DOT 4. Mafuta yalikuwa meusi kuliko chai, na chini ya kikopo kulikuwa na tope kama kahawa. Nimeosha, nimetoa chini chupa nzima, halafu nimesukuma na seringi, kijana wangu wa miaka tisa akiwa juu analinda kikopo. Yeye ndiye aliyeona povu, alipiga kelele mpaka jirani wakaja.

Siku tatu nimetembea kama mufalme. Nyawera hadi Kadutu, kurudi, foleni, pwamo inaingia kwa ncha ya kiatu. Siku ya nne laini tena. Na kikopo kimeshuka.

#14 MaweMeusi (Goma)

Pole sana Nyawera, na mpe hongera kijana.

Kikopo kikishuka kwenye klachi, kuna mahali panavuja. Hakuna maelezo mengine, kwa sababu tumesema kuisha kwa sahani kunakipandisha. Angalia sehemu tatu. Chini ya maneti, pale pistoni ya juu inapoingia kwenye mpira wake: inua mpira uguse kwa kidole. Washa za shaba juu na chini. Halafu silinda ya chini. Nina hofu na hiyo ya tatu. Kwenye moto kadhaa za V silinda hiyo imekaa upande wa kushoto kwenye kifuniko cha meno ya cheni, na kila tope na grisi inayorushwa na cheni inalala nyuma ya pistoni.

Na naomba sana: usiendeshe hivyo kwa kuongeza mafuta kila asubuhi. Ikiisha katikati ya kilima utakuwa na gia iliyoshika na lori nyuma yako.

#15 Nyawera_Bkv (Bukavu)

Ni ya tatu. Nimefungua kifuniko cha meno, kumelowa, tope la cheni limekuwa kama ugali mweusi. Silinda naitoaje bila kuharibu?

#16 MaweMeusi (Goma)

Sikiliza utaratibu, maana hapa ndipo watu wanakwama.

Osha sehemu yote kwanza na brashi. Fungua bolti za silinda ya chini, itoe kwenye injini lakini usifungue tiyo. Sasa vuta maneti polepole: mafuta yenyewe yataisukuma pistoni nje. Weka kitambaa na kikombe chini. Ukifungua tiyo kabla, utahangaika kuitoa pistoni kwa koleo na utaikwaruza. Kwa sababu hiyohiyo, siku yoyote utakayotoa silinda hiyo kwa kazi nyingine, kwa mfano kubadilisha meno ya cheni, mtu asiguse maneti. Mimi naifunga maneti kwa kuweka kipande cha mti kati yake na gido.

Angalia ndani ya silinda kwa tochi. Ukuta ukiwa laini kama kioo, badilisha mpira na utapona. Kukiwa na vishimo vya kutu unavyovisikia kwa ukucha, mpira mpya utakufa kama wa zamani, tafuta silinda. Osha kwa mafuta mapya ya breki peke yake. Petroli hapana, dizeli hapana, zinavimbisha mpira. Paka mpira mpya mafuta ya breki, uingize kwa kidole, ule mdomo mpana uangalie upande wa mafuta. Pima kipenyo cha pistoni kwa kipimo cha chuma kabla ya kuagiza, na upige picha ya maandishi yaliyo kwenye mpira wa zamani.

#17 SpanaYaPwani (Mombasa)

Na washa za shaba mpya, kaka. Kama huzipati, pasha za zamani mpaka ziwe nyekundu kisha uziache zipoe, zinarudi kuwa laini. Lakini mpya ni bora.

#18 Nyawera_Bkv (Bukavu)

Ukuta ni laini, nimeshukuru Mungu. Mpira nimeagiza Kampala, ulifika Goma Jumanne, jana umevuka ziwa kwa boti. Nimefunga leo asubuhi. Nimesukuma kwa seringi, povu kubwa likatoka, halafu madogo, halafu nikalegeza bolti ya juu na bado kukatoka moja. Ulisema kweli, lilikuwa pale kwenye goti.

Nimetoka Nyawera saa kumi na moja jioni kwa makusudi, saa ya foleni mbaya. Essence nimesimama dakika arobaini. Nimejaribu pwamo mara kumi na mbili, kijana alikuwa nyuma anahesabu. Zote kumi na mbili zimeingia. Kikopo nimekipiga alama ya kalamu, nitaangalia Jumapili baada ya misa.

#19 MaweMeusi (Goma)

Angalia pia kesho asubuhi, ikiwa baridi, na upitishe kidole chini ya silinda ya chini. Pakiwa pakavu, tuandikie. Pakiwa na unyevu, tuandikie pia.

#20 Nyawera_Bkv (Bukavu)

Pakavu.